PILOTI ANAANZIA DARASANI




Kila mara ndege ndogo inapopita juu ya masomo yetu, vichwa vyote vinageuka dirishani, na nusu ya darasa inasema: «Mimi nitakuwa piloti.» Kiisha kengele inalia, mwalimu wa fizika anaingia, na ile nusu ya darasa inaanza kusinzia. Juu ya jambo hilo nimeomba fasi katika gazeti letu.

Katika internati kuna ubishi ambao hauishi. Wengine wanasema kama masomo mengi ya piloti ni mateso ya bure. Wanatoa mfano wa dereva wa kamyo. Alianza kwa kuosha gari, akawa msaidizi, siku moja mwenye gari akachoka akamwachia usukani, na leo anapeleka mizigo toka Butembo mpaka Kisangani bila kujua hata fomula moja. Basi wanauliza: «Ndege nayo iko tofauti gani? Si ni gari lenye mabawa? Weye unataka kuruka, mafizika ya nini?»

Mimi nasema hapana. Sheria inayomkalisha piloti darasani mbele ya kumpandisha angani ni sheria nzuri, na sisi wa Kongo tunaihitaji kupita wengine. Tena nasema kama mtu anayenunua leseni, pamoja na yule anayemuuzia, wanafanya kazi moja na mtu anayetia sumu katika kisima cha kijiji. Nitaeleza sababu zangu, ninyi mtapima.

SHERIA INATAKA NINI?

Kwanza tujue tunazungumza juu ya kitu gani, kwa maana wengi wanabishana na hawajui. Tarehe 7 desemba 1944 wajumbe wa mataifa waliandika mapatano kule Chicago, Marekani, juu ya safari za ndege za kiraia. Kutoka mapatano hayo likazaliwa shirika la OACI, ambalo kiti chake kiko Montréal, Kanada. Mapatano yana vitabu vya nyongeza, na Nyongeza ya 1 ndiyo inayoonyesha kipimo cha chini cha leseni. Kila nchi inatoa leseni zake yenyewe. Kwetu kazi hiyo iko katika mikono ya Autorité de l'Aviation Civile, kufuatana na sheria ya ndege za kiraia ya tarehe 31 desemba 2010.

Leseni hazifanani. Ni kama ngazi, na hakuna anayeruka vidato.

Kidato cha kwanza ni leseni ya piloti wa binafsi. Unapaswa kuwa na miaka 17, na saa 40 za kuruka (ao 35 kama umefuata masomo yaliyokubaliwa na serikali). Kati ya saa hizo, 10 unaruka peke yako, mwalimu amebaki chini. Ndani ya hizo 10 kuna safari moja ya kilomita 270 kwa uchache, na njiani unashuka kwenye viwanja viwili vingine. Ukiwa na leseni hiyo unaweza kubeba ndugu zako, lakini huwezi kulipwa hata franka moja.

Kidato cha pili ni leseni ya piloti wa biashara. Miaka ni 18, saa ni 200, ao 150 kwa njia ya masomo yaliyokubaliwa. Hapa ndipo mtu anaanza kula kwa kazi yake. Kidato cha tatu ni leseni ya piloti wa laini. Miaka ni 21 na saa ni 1500, na kati yake 75 za kuongoza kwa vyombo na 100 za usiku. Bila hiyo hauwi kapiteni wa zile ndege kubwa za abiria.

Juu ya leseni kunaongezwa vibali, vile tunavyoita kalifikasio. Mtu aliyejifunza na ndege ya mota moja hana ruhusa ya kuongoza ya mota mbili mpaka apate kibali chake. Ndege kubwa zinazotaka watu wawili mbele, kila aina ina kibali chake: kujua Boeing 737 hakukupi haki ya kukalia kiti cha Airbus. Kuna kibali cha kufundisha wengine. Kuna pia kibali cha vyombo, na hicho ndicho kinachomruhusu piloti kuingia ndani ya wingu, fasi macho hayaoni kitu. Kwa kibali hicho wanadai saa 40 za kujizoeza kuongoza kwa kutazama vyombo peke yake.

Kiisha kuna munganga. Piloti wa biashara anapimwa macho, masikio, moyo, akili, na cheti hicho kina mwisho: ukiwa kijana ni miezi 12, basi unarudi tena kwa munganga. (Wale wanaovaa miwani wasikate tamaa, kwa maana miwani inakubaliwa kama inakuonyesha vizuri.) Na tangu tarehe 5 machi 2008 piloti wa safari za kimataifa anapaswa kuonyesha kama anasikia na kusema lugha ya radio, mara nyingi Kiingereza, kwa kipimo cha 4 juu ya 6. Akiwa kwenye kipimo cha 4, shauri la OACI ni apimwe tena kila miaka mitatu.

MASOMO YA CHINI

Sasa tufike kwenye kitu ambacho wenzetu wanakichukia. Mbele ya kupata leseni, kuna masomo ya chini. Yanaitwa hivyo kwa sababu unayafanya ungali juu ya udongo, na kitabu, kalamu, ramani na rula. OACI inataja matawi tisa: sheria za anga, namna ndege na mota zinavyotengenezwa, uwezo wa ndege na kupima mizigo yake, tabia na mipaka ya mwili wa mtu, hali ya hewa, kutafuta njia, kanuni za kazi, sababu ndege inaelea, na maneno ya radio. Kule Ulaya, kijana anayefuata njia ndefu ya piloti wa laini anaketi masomoni saa 750, na kwa kila mtihani anapaswa kupata 75 juu ya 100. Sitini juu ya mia, ambayo sisi tunairukia kwa shangwe, kule ni kuanguka.

Tazameni matawi hayo tisa vizuri. Sababu ndege inaelea: ni fizika. Mota: ni fizika na kemia. Hali ya hewa: ni jeografia. Kutafuta njia: ni pembe, ni trigonometri, ni ile ramani tunayochora kwa uvivu. Mwili wa mtu: ni biolojia. Sheria: ni kusoma andiko gumu na kulifahamu. Radio: ni Kiingereza, kile cha saa ya mwisho siku ya ijumaa, wakati tumbo linalia. Basi mtu akiniambia anataka kuwa piloti lakini hesabu hapendi, mimi namsikia kama anayesema anataka kuwa mvuvi lakini maji hapendi.

MIFANO YENYE KUSEMA

Nisiseme maneno matupu. Hii ni mifano inayojulikana.

Wa kwanza ni wa hesabu. Tarehe 23 julai 1983, Boeing 767 ya kampuni ya Air Canada iliondoka Montréal kwenda Edmonton. Kanada ilikuwa inabadilisha vipimo, inaacha paundi, inaingia katika kilo. Safari ilihitaji kilo 22.300 za mafuta. Ndani ya matanki mlikuwa litri 7.682. Watu wakazidisha na 1,77 ili kupata uzito, wakapata 13.597, wakaandika «kilo». Lakini 1,77 ni uzito wa litri moja kwa paundi! Kwa kilo, litri moja ya mafuta yale ni 0,8 hivi. Basi wakaongeza litri 4.917, wakati ilifaa kuongeza karibu litri 20.000. Ndege ikapanda na chini ya nusu ya mafuta yake. Katikati ya safari mota ya kwanza ikazimika, kiisha ya pili. Kapiteni alikuwa mtu aliyezoea kurusha vile vindege visivyo na mota, akaishusha kama mwewe mpaka kwenye kiwanja cha zamani cha kijeshi pale Gimli. Hakuna aliyekufa kati ya watu 69. Lakini fahamuni: kilichotaka kuwaua ni mzidisho mmoja tu, wa darasa la sita la primeri, na kilichowaokoa ni mtu aliyejua vizuri namna ndege inavyoelea bila mota. Kwa pande zote mbili ni masomo.

Wa pili ni wa lugha. Tarehe 25 januari 1990, Boeing 707 ya Avianca, iliyotoka Kolombia, ilizungushwa angani zaidi ya saa moja karibu na New York sababu ya hali mbaya ya hewa na msongamano. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Piloti msaidizi aliwaambia wa chini kama mafuta yanakwisha, akaomba wapite mbele ya wengine. Lakini lile neno moja ambalo sheria imeliweka, neno la kutangaza hatari, hakulisema. Wale wa chini walisikia kama mtu anayelalamika, hawakusikia kama mtu anayekufa. Ndege ikaanguka, watu 73 wakafa kati ya 158. Piloti wale walijua kuruka. Kitu kilichokosekana ni neno moja, na fasi ya kulijifunza neno hilo ni masomo ya radio.

Wa tatu uko kwetu. Tarehe 8 januari 1996, kule Kinshasa, ndege Antonov 32 iliyobebeshwa kupita kipimo ilishindwa kupanda kwenye kiwanja cha Ndolo, ikaingia ndani ya soko la Simbazikita. Zaidi ya watu 200 walikufa, na wengi wao walikuwa mama wenye kuuza na wenye kununua chakula. Hawakukata tikiti, hawakuwa na safari. Na tarehe 25 agosti 2010, karibu na Bandundu, ndege ndogo Let 410 ilianguka ikiwa inakaribia kushuka. 20 walikufa kati ya 21. Yule mmoja aliyebaki alieleza kama mamba aliyefichwa ndani ya mfuko alitoka, watu wakakimbilia mbele wote pamoja, na ndege ikapoteza usawa wake.

Watu wengi wanacheka habari ya mamba. Mimi sicheki, kwa maana ni somo zima la fizika. Ndege inasimama angani kama mzani sokoni. Uzito wake wote una fasi moja ya katikati, na fasi hiyo ikisogea mbele sana ao nyuma sana, mkia hauwezi tena kuirudisha. Ndiyo sababu kwenye ndege ndogo wanakupima wewe mwenyewe juu ya mzani pamoja na mfuko wako, kiisha wanakuonyesha kiti cha kukaa. Mama mmoja akikasirika kwa sababu amepimwa kama gunia la mihogo, mumweleze pole pole: mzani ule unamtafutia uzima.

Niongeze hesabu moja ya nchi yetu ya milima. Kiwanja kilicho mita 1.500 juu ya bahari (Goma ni karibu hivyo), vitabu vinasema hewa yake ya kawaida ni degree 5 hivi. Lakini saa nane za mchana sisi tuna degree 27. Zimezidi 22. Kila degree inayozidi, ndege inajiona kama imepandishwa mita 36 hivi. 22 mara 36 ni karibu 800. Basi ndege inayosimama pale mita 1.500, mabawa na mota zake zinajiona ziko mita 2.300. Hewa ni nyepesi, mota inachoka, mbio za kuondoka zinakuwa ndefu. Na pale Goma, januari 2002, moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu kubwa ya njia ya ndege na kuifanya fupi kwa miaka mingi. Piloti anayejua hesabu hii anaondoka asubuhi na mapema, ao anaacha mizigo. Asiyejua anasema: «Jana tuliondoka na mizigo ileile, hakuna matata.» Jana ilikuwa baridi, ndugu yangu.

Hapo ndipo mfano wa dereva wa kamyo unakatika. Kamyo ikishindwa kupanda kilima, inasimama, munaweka jiwe nyuma ya gurudumu, munashusha mizigo, munalala pale mpaka kesho. Angani hakuna jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu.

WANAOPINGA WANASEMA NINI?

Sitaki kuwafanya wapinzani wangu kuwa wajinga, kwa maana wana maneno mengine yenye nguvu.

La kwanza: «Uzoefu unapita vitabu.» Kuna ukweli ndani yake. Tarehe 12 februari 2009, ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, watu 50 wakafa. Ndege ilikuwa imepunguza mwendo sana, na kapiteni akavuta usukani wakati alipaswa kuusukuma mbele. Kiisha Wamarekani wakafanya sheria mwaka 2010, na tangu 2013 hata piloti msaidizi wa ndege za laini anatakiwa kuwa na saa 1500, isipokuwa wengine waliopita jeshini ao chuo kikuu wanaopunguziwa. Nchi nyingine hazikufuata. Kule kijana mwenye leseni ya biashara, saa 200 hivi na vibali vyake anaweza kukaa kando ya kapiteni. Nani ana haki? Mimi naona kitu kimoja: wale piloti wawili wa Buffalo, kila mmoja alikuwa amepita saa 1500 zamani. Saa peke yake hazifundishi. Mtu anaweza kurudia kosa moja saa elfu, akaliita uzoefu. Uzoefu bila masomo ni kama kutembea usiku katika njia unayoijua: unafika kila siku, mpaka siku ambayo mti umeanguka njiani. Lakini na mimi nakubali upande wa pili: vitabu bila saa ni kama kujifunza kuogelea juu ya meza. Sheria inadai vyote viwili, na hiyo ndiyo akili yake.

La pili: «Hizo ni sheria za wazungu.» Hapana. Hewa ya joto inakuwa nyepesi kwa mzungu na kwa mtu mweusi. Uzito hauulizi kabila. Tena Waafrika wenzetu wa Ethiopia wana chuo chao cha ndege pale Addis Ababa, na vijana wa nchi nyingi za Afrika wanakwenda kujifunza pale. Hawakusema vipimo ni vya wengine. Walivishika, na leo ndege zao zinashuka hata kwetu.

La tatu ndilo linaloniuma: feza. Masomo ya piloti ni ya bei kali sana, na saa moja ya kuruka inakula mafuta, mota na mshahara wa mwalimu. Mtoto wa mwalimu ao wa mkulima hawezi, hata akiwa na 90 juu ya 100 kwa fizika. Mtoto wa mtajiri anaweza, hata akiwa na 50. Hili ni neno la haki, na mimi silifuniki. Lakini dawa yake si kushusha kipimo. Ukishusha kipimo, maskini hatapata leseni kwa hiyo. Atapata ajali, kwa sababu maskini ndiye anayekaa karibu na viwanja na ndiye anayeuza sokoni. Dawa ni serikali, makampuni na makanisa kutafuta vijana wanaofaulu kwa kweli na kuwalipia, kwa mkataba wa kurudi kuitumikia nchi. Na tuseme wazi: masomo ya chini ndiyo sehemu ya bei ndogo. Saa ya mota ni ya matajiri, lakini mizani, pembe na mawingu yako katika vitabu vya shule yetu.

KARATASI YA UWONGO

Sasa neno ambalo litawachoma wengine. Tarehe 22 mei 2020, ndege ya Pakistan ilianguka katika mji wa Karachi, na watu 97 waliokuwa ndani wakafa. Mwezi uliofuata waziri wao wa ndege alisimama mbele ya bunge akasema kama kati ya piloti 860 wa nchi ile, 262 walikuwa na leseni za mashaka, na kati yao wengine walikuwa wametuma mtu mwingine kuwafanyia mtihani. Kiisha wengine walichunguzwa wakaonekana hawana kosa. Lakini jina la nchi nzima liliharibika, na Ulaya ikafunga mlango kwa kampuni yao kubwa mpaka novemba 2024. Angalieni: hata yule piloti aliyesoma kwa jasho, leseni yake ilitazamwa kama ya uwongo, sababu ya wenzake.

Na sisi je? Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyaweka makampuni ya ndege ya Kongo kwenye orodha ya yale yasiyokubaliwa katika anga yake, ukisema usimamizi wa serikali hautoshi. Piloti wa Kongo mwenye ujuzi anabeba aibu ambayo si yake. Ndiyo sababu nasema kama sisi tunahitaji ukali kupita wengine. Aliye na jina zuri anaweza kusamehewa. Aliyepoteza jina analijenga tofali moja moja.

Sasa niulize: kutuma mtu akufanyie mtihani, jambo hilo tunalijua toka Pakistan tu? Hakuna kati yetu anayetembea na karatasi ndogo ndani ya soksi? Hakuna anayemkusanyia mwalimu «feza ya motisha» mbele ya mtihani, halafu anasema ndiyo desturi? Anayekopia interro ya fizika leo anasema: «Ni interro tu, haiui mtu.» Ni kweli, leo haiui. Lakini mkono unazoea. Kesho ni mtihani wa serikali, kesho kutwa ni chuo, na siku moja ni mtihani wa mizigo na usawa wa ndege, na mkono uleule unaingia ndani ya soksi ileile. Munganga, mjenzi wa daraja, piloti: wote watatu walikuwa mahali fulani darasani, na mtu fulani aliwatazama ao alifumba macho.

TUFANYE NINI?

Kwa wanafunzi wenzangu wanaotaka kweli kuwa piloti, nina maneno manne.

Moja: shikeni hesabu, fizika na Kiingereza kuanzia leo, si mwaka wa mwisho.

Mbili: mbele ya kutoa hata franka moja kwa masomo ya kuruka, nendeni kwanza kwa munganga anayekubaliwa kwa cheti cha piloti. Ni uchungu mkubwa kuuza shamba la baba, kiisha kuambiwa macho hayatofautishi rangi.

Tatu: wakija watu mjini kuahidi leseni ya piloti wa biashara kwa miezi mitatu, mbuyu ule hauna mizizi. Waulizeni: chuo chenu kimekubaliwa na Autorité de l'Aviation Civile? Ndege zenu ziko wapi? Saa zinaandikwa katika kitabu gani, na nani anatia sahihi? Saa 150 hazipatikani kwa maombi ya usiku kucha.

Nne: anga ina kazi nyingi. Makanika wa ndege, mtu wa kontrola, mtu wa meteo, mwenye kupanga mizigo: wote hao wanamshika piloti mkono, na wao pia wana masomo na leseni ao vyeti vyao. Yule mwenye mzani pale kiwanjani anaokoa watu wengi, hata kama hakuna anayempigia picha.

Kwa walimu wetu, kwa heshima yote, nina ombi. Tukifundishwa juu ya nguvu na usawa, tupeni mfano wa ndege iliyopakiwa vibaya. Tukifundishwa trigonometri, tupeni upepo unaosukuma ndege kando ya njia yake, tutafute pembe ya kuurekebisha. Tutaacha kuuliza «hii inatumika wapi?» Na katika mitihani, tafadhali musituhurumie. Alama ya huruma ni mkopo, na siku ya kuulipa haumlipishi mwanafunzi peke yake.

Najua wengine watasema ninazungumza kama mzee. Wajibu katika namba inayofuata ya gazeti, nitawasoma kwa moyo mweupe. Lakini wajibu na hesabu, wasijibu na kelele. Nawaachia hii moja ya kuanzia: kiwanja kiko mita 1.200 juu ya bahari, joto ni degree 31, na kwa kila mita 1.000 hewa ya kawaida inapoteza degree 6,5 kutoka 15. Ndege inajiona iko mita ngapi? Atakayeleta jibu pamoja na njia yake, si jibu lililokopiwa kwa jirani, ameanza masomo ya chini.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Hesabu-Fizika